Kiumbe wa Aina ya Tatu

Jumatano ile tulikuwa watu sita mezani tukigombania jinsia ya wanyama ambao hawapo duniani, na mwanamume aliyebakiza wiki tano anioe alikuwa amekaa mbele yangu akitafuna kifuniko cha kalamu kama ndama. Nilimtazama nikajiuliza, hivi ni huyu kweli? Halafu akainua macho, akanikonyeza, na mwenzenu nikayeyuka palepale. Msinicheke. Nyinyi hamkukonyezwa.

Kazi yetu ni kutengeneza gemu za simu. Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, vyumba vitatu na jiko dogo la kupikia chai lenye bomba lisilofunga vizuri. Mimi ndiye ninayeandika kila neno analolisoma mchezaji, kuanzia "Anza" mpaka "Umeshindwa", na kwa sababu hiyo walinibandika jina la Kamusi. Yeye ndiye anayeifanya programu itembee, kwa hiyo anaitwa Mhandisi. Hata mama yake mzazi anamwita Mhandisi, na ukimwita vinginevyo anachelewa kuitika.

Nilimpenda kwa sababu ndogo ndogo. Alikuwa akiniwekea chai mezani bila kuombwa. Alikuwa akinitazama juu ya skrini yake, na nikimkamata anajifanya anatafuta kitu dirishani. Dada yangu mkubwa hakumtaka tangu siku ya kwanza. Alisema alimwuliza kijana anaendeleaje, kijana akamgeukia mama yake amjibie. Nilimwambia dada ana wivu, tukakaa mwezi mzima hatusemeshani. Leo namdai dada msamaha, au tuseme yeye ndiye anayenidai.

Turudi kwenye wanyama. Gemu yenyewe ilikuwa ya kufuga. Mchezaji anapewa bonde, anaokota mayai, na humo wanatoka viumbe wenye manyoya ya rangi rangi tuliowaita makuru. Kila kuru ana kadi yake: jina, umri, jinsia. Aina ya kwanza wanarutubisha mayai. Aina ya pili wanataga. Aina ya tatu hawafanyi hili wala lile. Wao wanayalalia mayai, na wasipoyalalia hakuna hata moja linaloanguliwa. Ndani ya programu walikuwa namba tu, moja, mbili, tatu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuzitafutia maneno.

Mbili za kwanza hazikutusumbua sana. Mchoraji wetu alitaka tuandike mume na mke, nikamwambia mume na mke ni watu waliooana, na hao makuru wake hata kusalimiana bado. Akataka mwanamume na mwanamke, nikamwuliza ni lini amemwona mwanamke akitaga. Tukakubaliana dume na jike, kama wanavyosema watu wote wanaofuga. Namba tatu ndiyo iliyotutoa jasho. Mchoraji akasema huntha, nikamweleza kwamba huntha ana vya pande zote mbili na huyu wetu hana hata upande mmoja. Mwingine akataja neno ambalo Bosi, mama wa watu mwenye heshima zake, alimwambia akasukutue mdomo kwanza ndipo arudi mezani. Mimi nikapendekeza mlezi.

Ndipo Mhandisi alipotoa kifuniko mdomoni.

"Tasa," akasema. "Hazai, basi ni tasa. Herufi nne, linaingia kwenye kisanduku, kila mtu analielewa. Mbona mnajitesa?"

Hakunitazama. Ningependa kuwaambia aliona haya, lakini hapana, alikuwa anaandika kitu kwenye kompyuta yake. Bosi akasema maneno yote mawili yakajaribiwe, uamuzi Ijumaa. Nilirudi kwenye kiti changu, nikaandika sentensi moja mara saba.

Sasa niwaambie kwa nini neno lile lilinikaa kooni. Miezi mitatu nyuma mama yake Mhandisi alitaka tupime afya kabla ya ndoa, mpaka mambo ya uzazi, maana yeye anataka wajukuu na hataki kubahatisha. Tukapima. Siku ya majibu Mhandisi akasema ana kazi nyingi, akanisainia karatasi nikachukue yake na yangu. Daktari alinieleza taratibu, akarudia mara mbili ili nielewe. Mimi sikuwa na tatizo lolote. Yeye hawezi kumpa mwanamke mimba, na hakuna dawa itakayobadilisha hilo.

Nilikaa nje ya kliniki saa nzima. Huyu ni mtu anayenuna siku mbili akifungwa karata. Nilimwona kichwani mwangu akiyapokea majibu yale, nikamwona anavyokwenda kumwambia mama yake, nikaona atakavyovunjika vipande. Na nilikuwa nampenda, jamani, nilikuwa nimekufa nimeoza. Nikaichana karatasi yake. Nilipofika kwake nikamwambia tatizo liko kwangu.

Nikiri kwamba alinikumbatia. Alilia mpaka bega langu likalowa. Alisema hatanitupa, alisema jambo hilo litabaki kati yetu wawili, hata mama hatalijua, atamwambia tuko wazima wote. Kuanzia siku hiyo akaacha kuniita mama watoto, akawa ananiita mpenzi, tena kwa ile sauti ya chini ya watu waliokuja kumwona mgonjwa. Nikajitia hamnazo. Nilijiambia ndiyo mapenzi hayo, mmoja kumbebea mwenzake. Nilikuwa tayari kuibeba aibu yake mpaka naingia kaburini, na nilichotaka kwake ni heshima tu.

Basi Ijumaa ikafika. Kila Ijumaa saa nne asubuhi tunawasha projekta, Mhandisi anatuonyesha ukutani toleo la majaribio la wiki hiyo, na kila mtu anakuja na kikombe chake. Ili kujaribu maneno mapya inabidi aingize wanyama wachache wa uongo kwa mkono, na kwetu ni mazoea wanyama hao kupewa majina ya wafanyakazi. Ni utani wa ofisi. Wiki ikiisha anawafuta na hakuna anayewakumbuka.

Kadi ya kwanza ikatokea. Bosi. Dume. Watu wakacheka, na Bosi mwenyewe akalazimika kuweka chai chini. Kadi ya pili, Mchoraji. Jike, mayai manne. Mchoraji akasimama akatupungia mikono kama aliyeshinda kitu. Kadi ya tatu ikaja na kinyama cha kijivu kimejikunyata pembeni mwa bonde, macho makubwa, hakina mwenzake.

Kamusi. Tasa.

Walicheka. Siwalaumu, hawakujua kitu, kwao hiyo ilikuwa kadi ya tatu baada ya mbili za kuchekesha. Lakini Mhandisi alijua, au tuseme aliamini kwamba anajua, na yeye ndiye aliyecheka kuwapita wote. Alicheka mpaka macho yetu yakakutana. Kicheko kikamwishia mdomoni polepole, na usoni pake nikaona mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani.

Kumbe alikuwa amesahau. Hicho ndicho kilichonichoma. Angefanya kwa ubaya ningejua ananichukia, na mtu anayekuchukia angalau anakufikiria. Huyu alikuwa amesahau tu. Jambo nililolala nalo na kuamka nalo miezi mitatu, kwake lilikuwa limeshakuwa kitu cha kujazia kisanduku. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kola iliyopinda, kidole kimeganda juu ya kitufe, yale macho ya kuomba mtu mwingine amwokoe. Nikatafuta kile kilichoniyeyusha Jumatano, nikakikosa. Nikatafuta tena, maana sikutaka kuamini kwamba mapenzi ya miaka miwili yanaweza kwenda haraka kiasi kile.

Bosi akaniuliza nasemaje juu ya neno. Sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

"Huyu mnyama asipokuwepo, bonde zima haliangui yai hata moja," nikasema. "Mnataka kumwita kwa asichokifanya. Mwiteni kwa anachokifanya. Ni mlezi."

Mhandisi akaanza kueleza mambo ya upana wa kisanduku.

"Kipanue," Bosi akamwambia, na kikao kikaishia hapo.

Mhandisi alinifuata kule jikoni kwenye chai, akafunga mlango kwa mgongo. Akaanza kujikosha. Alisema ni majaribio tu, ameshaifuta ile kadi, hakuna aliyeelewa, na mimi siku hizi nimekuwa mwepesi wa kuumia. Hilo la wepesi alilisema mara mbili, mara ya pili akitabasamu, lile tabasamu la zamani. Nilikuwa nasuuza kikombe ambacho kilikuwa safi tangu mwanzo. Nikamwambia hakukosea kwa kuandika, amekosea kwa kucheka. Akashusha pumzi kama mtu anayelea mtoto msumbufu.

"Wewe unalikuza," akasema. "Mbona mama mwenyewe hana shida nalo?"

Nikafunga bomba, likaendelea kudondoka.

"Mama yako hana shida na nini?"

Akajua ameteleza. Ikabidi amalize. Alikuwa amemwambia mama yake wiki ileile ya majibu. Mama akamwambia dada mtu, dada mtu akamwambia shangazi, na kwa mwendo huo nikaelewa kwa nini watu wa kwao walikuwa wananishika mkono kwa muda mrefu namna ile kila nikienda kuwasalimia. Nilidhani wananipenda.

"Uliniahidi litabaki kati yetu."

"Ni mama yangu, ulitaka nimfiche? Na nilikutetea, ujue. Wote walisema nikuache. Niliwaambia nitamwoa hivyohivyo." Akasogea, akataka kunishika bega. "Hebu jiulize mwenyewe, mpenzi. Mwanamume gani mwingine angekubali kukuchukua?"

Ukweli ulinifika kwenye ncha ya ulimi, nikaumeza. Safari hii sikuumeza kwa mapenzi. Niliona uvivu tu, uvivu wa kumweleza mtu kama yule kitu chochote. Nilimdharau mpaka nikaona aibu kwa niaba ya macho yangu yaliyomchagua. Nikavua pete, nikaiweka pembeni ya sabuni ya vyombo, nikamwambia ndoa haipo.

Aliitazama pete, akanitazama mimi, akacheka kidogo. Akasema nitapoa. Akanikumbusha kwamba mama yake anakuja saa sita twende kwa fundi wa gauni, na akaniomba nisimwaibishe mzee wa watu kwa hasira za asubuhi moja. Nikamwambia mama yake nitamwambia mwenyewe, kwa adabu zote, na asiwe na wasiwasi, nitasema nimebadilisha mawazo. Na ndivyo nilivyokusudia, haki ya nani. Nilipanga kuondoka na siri yake kama nilivyoingia nayo.

Mama mtu alifika saa sita kamili, manukato yake yakimtangulia ngazini. Tulikaa kwenye viti vya wageni, sisi watatu peke yetu, wengine walikuwa wameshuka kula. Mhandisi alibaki amesimama karibu na mama yake, mikono mifukoni. Nikamshika mama mikono, nikamwambia nimefikiri sana, naomba anisamehe, lakini mimi na mwanawe hatutaoana.

Hakushtuka. Alinipapasa kiganja.

"Amekwambia, eh?" akasema. "Nilimwonya angoje mpaka baada ya harusi. Mwanangu, usiumie. Hata mimi kama mwanamke najua linavyouma."

Nikamwuliza, ameniambia nini. Akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama sakafu, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kumaliza alichokianza, akanieleza bila kificho. Kwamba mimi nitakuwa mke mkubwa, na heshima yangu haitapungua hata kidogo. Kwamba baada ya miaka miwili Mhandisi ataoa mwingine, wa kuzaa. Tayari yupo, binti wa rafiki yake, ana miaka ishirini na miwili, mzima wa afya, ametulia. Watoto watakuwa wetu sote, yeye atazaa na mimi nitawalea. Aliyapanga maneno hayo vizuri, kwa upole, kama anayenigawia zawadi.

Nikamgeukia Mhandisi. "Na wewe ulikubali."

"Ni mipango ya mama tu," akasema. "Mimi sijasema ndiyo."

"Ulisema hapana?"

Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mnajua, nilikuwa nimejiandaa kulia mbele ya yule mama, nilikuwa nimeweka mpaka leso. Sikuihitaji.

Nikamwuliza mama kama binti mwenyewe anajua. Akasema anajua, na anasubiri vizuri. Hata kijana mmoja alikuja kumchumbia mwezi uliopita, wamemkatalia.

Hapo ndipo maneno yake yaliponishika. Nilimwona yule binti nisiyemjua, ana miaka ishirini na minne, ameolewa na huyu bwana wa simu mfukoni. Mwezi unapita, hamna kitu. Mwaka unapita. Wifi anauliza, shangazi anauliza, wanamshika mkono kwa muda mrefu. Wanamtafutia dawa, anazinywa. Na siku moja wanambandika lile neno, naye analiamini, maana atajuaje? Wala huyu hangesema kitu, kwa kuwa angekuwa hajui, na hata angejua hangesema. Kwa ajili yangu ningenyamaza. Mimi nilijichagulia mwenyewe. Binti wa watu hakuchagua.

"Mama," nikasema, "huyo binti mwacheni aolewe na yule kijana. Mimi sina tatizo la kuzaa, na sijawahi kuwa nalo. Mwenye tatizo ni mwanao. Siku ya majibu nilikwenda peke yangu, karatasi yake nikaichana, nikasema tatizo ni langu. Nakala nyingine ipo kliniki. Aende na kitambulisho chake, watampa na watamweleza."

Mhandisi akasema ni uongo. Alisema kwa sauti ndogo, halafu akaanza kuikumbuka siku ile, niliona usoni pake anavyoikumbuka, saini yake, kazi nyingi alizosingizia, mimi peke yangu mbele ya daktari. Rangi ikamtoka. Nilingoja. Mtu niliyembebea mzigo wake miezi mitatu, nikasemwa na ukoo mzima kwa ajili yake, alikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kibinadamu. Pole. Asante. Hata kwa nini.

"Umemwambia nani mwingine?" akaniuliza.

Mama yake alilisikia swali hilo kama nilivyolisikia mimi. Aliinua kichwa akamtazama kijana wake, akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka usoni, na sikuwahi kumwona akimtazama hivyo. Alipofungua mdomo hakumwambia yeye kitu. Alinigeukia mimi.

"Ukayajua yote haya, ukatuacha tukuseme?"

"Nilikuwa nampenda, mama."

Mkono wake bado ulikuwa juu ya wangu. Aliuondoa taratibu, akaufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena.

"Na sasa?"

Nikasimama, nikaikunjua sketi yangu magotini. Mhandisi alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya juu ya skrini, safari hii hakuwa na dirisha la kukimbilia.

"Sasa nina kazi ndani, mama," nikasema, nikawaacha hapo.